Kuhama kutoka daftari kwenda kompyuta: maswali ya zahanati na vituo vya afya vya umma

Maswali haya huulizwa sana na waganga wafawidhi, makarani wa mapokezi, wateknolojia wa dawa na wajumbe wa kamati za usimamizi za vituo katika halmashauri za Tanzania Bara. Mfumo unaozungumziwa zaidi ni GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendesha huduma za kituo, ulio chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI, pamoja na majirani zake: DHIS2 ya takwimu, eLMIS ya dawa na FFARS ya fedha za kituo. Wa mfumo mwingine naye atakutana na mambo haya haya, majina ya vitufe tu ndiyo yatakayotofautiana.

Tuanze na kununua kompyuta au na mafunzo?

Anzeni na kumfuata mgonjwa. Chukueni siku moja, mmoja wenu asimame getini na daftari, amfuate mgonjwa mpaka anapotoka na dawa. Aandike kila mahali alipoandikwa jina, kitabu kilichotumika, aliyeandika, na alilipa mara ngapi. Si ajabu kukuta jina la mtu mmoja limeandikwa mara sita, na dirisha la malipo limepitiwa mara tatu: kumwona mganga, vipimo, kisha dawa.

Baada ya hapo mtaona wapi panahitaji kompyuta. Kosa linalojirudia ni kuweka kompyuta mapokezi na kwa mganga, halafu maabara ikaachwa "awamu ya pili". Majibu yanarudi kwa karatasi, mganga hana muda wa kuyaingiza, na mfumo unabaki na wagonjwa mia mbili waliopimwa bila majibu. Ni bora mlolongo mzima wa wagonjwa wa nje ukamilike, wodi zikasubiri, kuliko kila idara kupata nusu.

Zahanati ndogo inahitaji vifaa gani?

Vituo vinne vya kazi: mapokezi, mganga, maabara, dirisha la dawa. Malipo yakifanyika mapokezi, hivyo vinatosha. Kompyuta mpakato zinafaa kuliko za mezani kwa sababu ya umeme: mpakato hula takribani wati 50, ya mezani pamoja na kioo chake huweza kufika 150 hadi 200, na mpakato ina betri yake. Ifungeni kwa kebo ya usalama. Kishikwambi ni kizuri kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezunguka kaya, lakini mganga anayeandika historia ya wagonjwa 40 kwa siku atakichukia kufikia Jumatano.

Printa moja, ya mapokezi. Kila mnapoongeza printa mnaongeza mtu wa kuomba wino.

Umeme wetu unakatika. Tunahitaji betri kiasi gani?

Pigeni hesabu kabla ya kumwita fundi, maana fundi atauza alichonacho. Mfano wa zahanati ya hapo juu: mpakato 4 kwa wati 50 ni 200, seva ndogo (kompyuta inayotunza data za kituo) 40, ruta na swichi ya mtandao 25. Jumla wati 265. Kwa saa 6 za kazi ni wati-saa 1,590. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe kompyuta, hupoteza kiasi, tuseme asilimia 15, hivyo betri zinatakiwa kutoa kama 1,870.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya risasi na asidi, usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo inakupa 1,200 tu. Mnahitaji mbili. Ya lithiamu inaweza kushushwa mpaka asilimia 80 hivi, kwa hiyo moja inatosha, ila kwa kubana.

Mambo mawili huua mpango huu. La kwanza ni printa ya leza: inapopasha moto huvuta wati 500 hadi 1,000 kwa ghafla, na inveta ya wati 1,000 inajizima na kila mtu anapoteza alichokuwa anaandika. Printa ichomekwe kwenye umeme wa gridi peke yake. La pili ni chaja za simu, pasi na birika la chai. Soketi za inveta zipakwe rangi tofauti na zielezwe kwa kila mtumishi, pamoja na mlinzi wa usiku. Jokofu la chanjo lisiguswe kabisa na mpango huu. Lina umeme wake.

Seva iwe kituoni, au tutumie mtandao moja kwa moja?

Inategemea intaneti yenu ikoje saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa, si saa kumi jioni fundi alipokuja kupima. Seva ya kituoni inaendelea kufanya kazi mnara wa simu ukizima, lakini ni mali yenu kuitunza: vumbi, joto, nakala, wizi. Mfumo wa moja kwa moja hauna mzigo huo, ila bando likiisha kituo kimesimama. Ofisa TEHAMA wa halmashauri ndiye atakayewaambia toleo lipi linawekwa kwenu. Ninyi mpelekeeni vipimo halisi vya mtandao vya siku tano.

Kwa mtandao wa ndani, kebo ya shaba isizidi mita 100 kati ya swichi na kompyuta. Kutoka jengo moja kwenda jingine tumieni nyaya za faiba, hata kama ni mita 40. Sababu ni radi. Shaba iliyopita hewani kati ya mapokezi na wodi ya wazazi hubeba mshtuko wa radi na kuchoma swichi za pande zote mbili, na kwenye mikoa yenye radi nyingi kama Kagera na Kigoma hilo ni suala la msimu tu.

Jambo dogo linalosahaulika: betri ya saa ndani ya seva, ile ya mviringo kama sarafu. Ikiisha, seva ikizimwa na kuwashwa inarudi miaka ya nyuma, na wagonjwa wa leo wanaandikwa na tarehe ambayo kituo kilikuwa hakijajengwa. Angalieni tarehe kila mnapowasha.

Nakala za data tuzihifadhi vipi?

Kila usiku, moja kwa moja, kwenye diski ya nje. Diski ziwe mbili: moja imechomekwa, nyingine iko nje ya jengo, na hubadilishana kila Ijumaa. Diski iliyochomekwa kwenye seva muda wote itaibwa pamoja na seva, au itaungua pamoja nayo. Ziwe zimefungwa kwa nywila, maana ndani yake kuna magonjwa ya watu. Mara moja kwa robo mwaka, rudisheni nakala kwenye kompyuta nyingine mwone kama inafunguka. Faili lenye ukubwa wa sifuri huonekana vizuri kabisa kwenye orodha.

Kwa nini mgonjwa mmoja ana namba tatu?

Kwa sababu karani aliona ni rahisi kusajili upya kuliko kutafuta. Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na halisababishwi na kompyuta.

Asha Juma Hamisi anakuja Machi akiwa Asha Juma. Mei anakuja na kadi ya kliniki iliyoandikwa Aisha Hamisi. Agosti anamleta mtoto, anaandikwa Mama Salum. Mfumo una watu watatu. Madhara yake yanakwenda mbali: mganga haoni shinikizo la damu lililopimwa Machi, na takwimu za mwaka zinaharibika, kwa sababu MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, wenye vitabu na ripoti zake) hutenganisha hudhurio la kwanza la mwaka na marudio. Kila namba mpya ni "hudhurio la kwanza". Mkiona marudio yanapungua mwezi hadi mwezi tangu mfumo uanze, msifurahi kwamba watu wanapona. Nendeni mapokezi mkaangalie karani anavyosajili.

Utaratibu unaofanya kazi: kabla ya kitufe cha kusajili, karani atafute mara tatu, kwa namba ya kadi, kwa namba ya simu, kisha kwa jina la kwanza na kijiji au mtaa. Jina litafutwe kwa herufi nne za mwanzo, si zote, ili Mohamed, Mohammed na Mohamedi watokee pamoja. Simu iandikwe hata kama ni ya jirani, ila ionyeshwe ni ya nani. Mtoto mchanga asiye na jina aandikwe kwa mpangilio mmoja kituo kizima, kwa mfano "Mtoto wa" na jina kamili la mama, na jina libadilishwe kwenye faili lile lile akirudi kliniki.

Kuunganisha faili mbili kuwa moja kufanywe na mtu mmoja aliyeteuliwa, mara moja kwa wiki, akiwa ametulia. Lisifanywe dirishani. Ukiwaunganisha watu wawili tofauti, umempa mmoja dawa za mwingine.

Si tutumie namba ya NIDA tu?

Ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo inasaidia sana kwa mtu mzima aliyekuja nayo. Lakini nusu ya foleni yenu ni watoto, na wajawazito wengi huacha kitambulisho nyumbani. Iwekwe kama utambulisho wa ziada. Isiwe sharti la kupata huduma.

Vitabu vya MTUHA tuviache lini?

Msiviache kwa uamuzi wa kituo. Subirini barua ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, inayotaja kitabu kwa namba. Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje ndicho kinachozungumziwa kwanza kwa kawaida. Cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto na cha 12 cha leba vina safu nyingi na vinahitaji uangalifu zaidi.

Kabla ya barua mtakuwa mnaandika sehemu mbili. Wekeni kikomo: wiki tatu au nne kwa idara moja, mkilinganisha hesabu kila Ijumaa. Kuandika mara mbili bila mwisho kunazaa jambo moja la hakika: muuguzi atachagua kimoja, na kingine atakijaza jioni kwa kukisia.

Ripoti ya mfumo hailingani na daftari. Ipi ni sahihi?

Mara nyingi hakuna iliyo sahihi kabisa. Tafuteni tofauti katika mpangilio huu, kwa sababu ndivyo zinavyotokea kwa wingi.

Umri. Ripoti ya wagonjwa wa nje ina makundi matano: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na 60 na zaidi. Mama akisema mtoto ana "miezi minane" na karani akaandika 8 kwenye kisanduku cha miaka, mtoto ameruka makundi mawili. Tafuteni pia waliozaliwa tarehe 1 Januari. Wakiwa wengi mno, ujue umri unakadiriwa, na hiyo inavumilika kwa watu wazima. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja haivumiliki.

Utambuzi wa ugonjwa. MTUHA hutenganisha malaria iliyothibitishwa kwa hadubini, iliyothibitishwa kwa kipimo cha haraka cha mRDT, na ile isiyopimwa. Mganga anayechagua "malaria" kabla majibu hayajarudi, halafu asirudi kuibadilisha majibu yakiwa hasi, anatengeneza malaria isiyokuwepo. Kisha dirisha la dawa linaonyesha dozi 60 zimetoka huku wagonjwa wakiwa 110, na wakaguzi wanauliza kulikoni. Kuwe na utambuzi wa awali na wa mwisho, na ripoti isome wa mwisho tu.

Misimbo. Orodha ya ICD-10, yaani misimbo ya kimataifa ya magonjwa, ni ndefu na kisanduku cha kutafutia huleta cha kwanza kinachofanana. Tengenezeni karatasi moja ya magonjwa 30 ya kwenu na misimbo yake (I10 shinikizo la juu la damu, J06.9 maambukizi ya njia ya juu ya hewa, E11 kisukari aina ya pili), ibandikwe mezani. Bila karatasi hiyo, "magonjwa mengine" yatakuwa ugonjwa unaoongoza wilayani.

Ziara zisizofungwa. Mgonjwa aliyeondoka bila kufika dirisha la dawa hubaki "yuko ndani", na mifumo mingine haimhesabu. Kila siku saa tisa na nusu mtu mmoja afungue orodha hiyo na kuisafisha.

Mkishasahihisha, sahihisheni kwenye mfumo wa mgonjwa, kisha mtoe ripoti upya. Anayekwenda kurekebisha tarakimu ndani ya DHIS2 peke yake ameficha kosa: DHIS2 inabeba jumla tu, haina jina la mgonjwa, na mwezi ujao tofauti itarudi pale pale.

Mfumo unasema dawa ipo, kabati ni tupu. Au kinyume chake.

Angalieni kipimo cha kuhesabia kwanza. Boksi la ALu, dawa ya malaria, lenye dozi 30 za mtu mzima lina vidonge 720, kwa sababu dozi moja ni vidonge 24. Aliyepokea akiandika 30, na dirisha likitoa 24 kwa kila mgonjwa, mgonjwa wa kwanza anapata, salio linakuwa 6, na wa pili anaambiwa dawa imekwisha huku maboksi yamejaa nyuma yake. Kubalianeni: kupokea, kutoa na kuhesabu vyote ni kwa kidonge, chupa au kichupa cha sindano. Boksi ni neno la stoo tu.

Pili, dawa zinazotoka stoo kwenda wodini na leba bila kupita kwenye mfumo. Wodi iwe na stoo yake ndogo ndani ya mfumo, na uhamisho uandikwe siku ile ile.

Hesabu ya mikono ifanyike kila mwisho wa mwezi, dirisha likiwa limefungwa, na tofauti iandikwe sababu: imeharibika, imeisha muda, haijulikani. Dawa inayokaribia kuisha muda ndiyo itoke kwanza, hata kama ililetwa jana.

Kwenye maombi ya dawa kwa Bohari ya Dawa kupitia eLMIS, msisahau siku ambazo dawa haikuwepo. Kituo kilichotumia vidonge 400 kwa siku 60, lakini kilikuwa mikono mitupu siku 20 kati ya hizo, hakitumii 200 kwa mwezi. Kinatumia 300: gawanya 400 kwa siku 40, zidisha kwa 30. Msipoziandika siku hizo mtaagiza pungufu, mtaishiwa tena, na upungufu utajizalisha wenyewe.

Mgonjwa amelipa kwa simu lakini mfumo hauoni malipo.

Namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroli namba, ina tarakimu 12. Kwanza linganisheni namba iliyo kwenye ujumbe wake wa simu na ile ya bili. Mara nyingi amelipia bili ya jana au ya mtoto mwingine. Kama ni sahihi, ni uthibitisho haujarudi tu. Asilipishwe tena. Andikeni namba ya muamala, aendelee na huduma, na mhasibu afuatilie kabla ya kufunga siku.

Dharura hutibiwa kwanza. Mfumo unaomzuia mganga kuagiza kipimo kwa mama anayetoka damu kwa sababu bili haijalipwa umewekwa vibaya, na mpangilio huo hubadilishwa na msimamizi wa mfumo. Mwiteni siku ile ile.

Na wa misamaha?

Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo: kila mmoja achaguliwe kundi lake wakati wa kusajili. Ukiacha wazi, bili inabaki deni, na mwisho wa mwaka kituo kinaonekana kinadai wanakijiji mamilioni. Kwa anayepitishwa na ofisa ustawi wa jamii, kibali kiandikwe ndani ya mfumo, si kwenye kipande cha karatasi mfukoni mwa mgonjwa.

Mfumo ukizima katikati ya siku?

Kuwe na bunda la fomu 100 zenye namba zilizochapwa tayari, ndani ya droo ya mapokezi. Mganga mfawidhi atangaze "tunahamia karatasi" baada ya dakika 15. Msiache kila chumba kiamue chenyewe. Mfumo ukirudi, karani mmoja aingize fomu zote kwa kufuata namba, akiweka tarehe ya siku mgonjwa alipoonwa. Akisahau tarehe, Alhamisi itakuwa na wagonjwa 3 na Ijumaa 160, na ofisi ya wilaya itapiga simu kuuliza kama kuna mlipuko.

Foleni imekuwa ndefu kuliko wakati wa daftari.

Itakuwa hivyo kwa wiki kadhaa. Tuseme kusajili mgonjwa mpya ni dakika 4, na kumfungua wa zamani ni dakika 1. Siku ya wagonjwa 80, wapya 30, karani mmoja anahitaji dakika 170. Wote 80 wakisajiliwa upya kwa sababu hawakuja na kadi, ni dakika 320, zaidi ya saa tano. Ndiyo maana kadi yenye namba, hata ya karatasi ngumu iliyoandikwa kwa mkono, huokoa muda kuliko kompyuta ya pili. Siku za kliniki ya mama na mtoto, wasajilini jioni ya kuamkia siku hiyo kutoka kwenye orodha ya miadi.

Tunatumia nywila moja kituo kizima. Kuna ubaya gani?

Siku dozi 40 zitakapopotea, mfumo utasema zilitolewa na "mtumiaji1". Kila mtumishi awe na akaunti yake. Aliyehamishwa ifungwe siku anapokabidhi ofisi. Kioo kijifunge baada ya dakika 3, na kigeuzwe kisionwe na foleni.

Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha ya kioo chenye jina na majibu ya VVU kwenye kundi la WhatsApp la watumishi, hata kwa nia ya kuomba msaada wa fundi, ni uvujishaji. Fundi atumiwe picha ya ujumbe wa kosa, jina likiwa limefunikwa.

Madai ya bima yanarudishwa. Kompyuta si ingezuia?

Inazuia makosa ya kujumlisha. Haizuii dawa isiyoendana na ugonjwa ulioandikwa, wala kipimo kilichodaiwa bila majibu. Kagueni madai kila wiki, si usiku wa mwisho wa mwezi.

Mradi ukiisha nani atalipia?

Kituo. Bando, wino, betri za kubadilisha na matengenezo viwekwe kwenye mpango na bajeti ya kituo tangu mwaka wa kwanza, hata kama mfadhili bado analipa, ili viwe na mstari wake ndani ya FFARS. Kamati ya usimamizi ikiona mstari huo kwa mara ya kwanza mwaka wa tatu, utakatwa.

Tutajuaje kama umeshika kweli?

Kila Ijumaa mchana chagueni wagonjwa 10 wa wiki hiyo bila kuangalia majina. Kwa kila mmoja tafuteni vitu vitano: umri wenye mantiki, utambuzi wa mwisho, majibu ya kipimo kilichoagizwa, dawa iliyotolewa kwa idadi, na ziara iliyofungwa. Visanduku 50. Mkipata 45 na zaidi kwa wiki nne mfululizo, mwandikieni Mganga Mkuu wa Halmashauri kuhusu Kitabu cha 5, na karatasi za ukaguzi ziambatishwe.